Nilishindwa kuinuka mkekani: uzi kuhusu wepesi wa viungo kwa sisi watu wa Lamu

Mkaazi wa Mkomani (mwanzilishi wa uzi)

Waungwana, assalamu alaykum. Kabla sijaingia katika mada niondoe utata mmoja: viungo ninavyovizungumzia humu si vya pilau, bali ni hivi vya mwili, yaani magoti, nyonga, mabega, vifundo vya miguu na pingili za mgongo. Nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu jambo lililonipata nimeliona kwa wengi wa rika langu hapa Lamu, na kila mmoja hulipa jina la uzee, akanyamaza.

Mwezi uliopita wa Rajabu nilihudhuria khitma katika nyumba moja ya mtaani kwetu, tukakaa mkekani kwa muda wa saa moja hivi. Ulipofika wakati wa kuinuka, mwili ulikataa. Goti la kulia lilikuwa kama lililofungwa kamba, nyonga zilikaza, na mguu wa kushoto, uliokwisha kufa ganzi, haukujua pa kukanyaga. Vijana wawili wakanishika makwapani, wakaninyanyua kama wanyanyuavyo boriti za mikoko, na mmoja wao akaniambia kwa adabu zote, "Pole, mzee." Nina miaka 53. Marehemu baba yangu, ambaye alikuwa fundi wa vyombo vya baharini, alikuwa na zaidi ya miaka 70 na bado akichuchumaa kando ya jahazi akitia kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, asubuhi nzima, na chai yake akiinywa katika mkao ule ule.

Kazi yangu mimi ni ya hesabu, na nimeifanya kitini kwa miaka 22. Niliporudi nyumbani siku ile nilijiuliza viungo vyangu vimepita katika mikao gani tangu alfajiri, na jibu likaniaibisha. Kitandani nimelala, mezani nimekaa kitini, kazini nimekaa kitini, jioni nimekaa kitini tena nikitazama taarifa ya habari. Hata msikitini nilikuwa nikiswali juu ya kiti kwa mwaka wa pili, kwa kuwa goti lilikuwa likiniuma. Maana yake ni kwamba goti langu halikuwa limekunjwa hadi mwisho wake hata mara moja kwa miezi mingi. Nilikuwa nimelipeleka kwa tabibu mmoja hapo nyuma, nikapewa dawa za kutuliza maumivu na kuambiwa nisilichoshe. Maumivu yalipungua kweli, lakini ugumu ukazidi, wala hakuna aliyenieleza kwamba kutolichosha na kutolitumia ni mambo mawili tofauti.

Tangu hapo nimesoma, nimeuliza wanaojua, na nimejaribu. Nieleze nilivyoelewa, nanyi mnisahihishe.

Ncha za mifupa inapokutana zimefunikwa kwa gegedu, ile tishu nyeupe yenye utelezi tunayoitafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku. Kiungo chote kimo ndani ya mfuko, na ndani ya mfuko huo mna ute kidogo sana. Jambo nisilolijua ni kwamba gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo chakula chake kikubwa hukipata kutoka katika ute huo, na njia yake ya kukipata ni kubanwa na kuachiwa: ikibanwa hutoa maji, ikiachiwa huyanywa tena, mfano wa sifongo. Anayetembea, anayepanda ngazi na anayechuchumaa analisha gegedu zake bila kujua. Anayekaa kutwa nzima katika pembe moja huilisha sehemu moja tu, na iliyobaki huishi kwa makombo. Mfuko wa kiungo nao, pamoja na misuli inayokizunguka, hujizoesha urefu unaotumika, na ule usiotumika huuacha, kama mtu anavyokiacha chumba cha juu kisicho na mgeni hadi mlango ukavimba usifunguke.

Hapo ndipo nilipoitazama nyumba yangu upya. Nyumba zetu za mawe zina ngazi za wima zenye vidato virefu, na kuzishuka bila kuishika kamba kunahitaji kifundo cha mguu kinachokunjika vizuri na goti linaloweza kuubeba mwili huku likijikunja. Kutembea pahali tambarare hulikunja goti kiasi cha nyuzi 60 tu. Kuchuchumaa hadi chini kunalipitisha nyuzi 120. Babu zetu walichuchumaa chooni, wakala chini kwenye jamvi, wakakuna nazi juu ya mbuzi na wakateka maji kisimani. Hakuna aliyeyaita mazoezi, bali ndiyo yaliyokuwa maisha. Sisi tumeleta choo cha kukalia, meza ya kulia chakula na makochi, na siwalaumu waliofanya hivyo kwa kuwa nami ni mmoja wao, lakini kila kimoja kati ya vitu hivyo kilituondolea safari kadhaa za kwenda chini na kurudi juu kila siku, nasi hatukuzilipa mahali pengine.

Swala ni mfano mzuri zaidi. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17, na kila moja ina sijda mbili, kwa hiyo mwenye kuswali faradhi tu huenda chini mara 34. Katika kikao cha kati ya sijda mbili tunaukalia mguu wa kushoto, na wa kulia tunausimamisha vidole vikiwa vimekunjwa kuelekea kibla. Katika tahiyatu ya mwisho, kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, mguu wa kushoto hutolewa chini ya wa kulia, na kalio likakaa chini. Sisemi swala imewekwa kwa ajili ya magoti, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba nilipohamia kitini mapema mno, bila kwanza kutafuta njia ya kulitibu goti, niliupoteza pia mkunjo wa goti, wa nyonga, wa kifundo na wa vidole vya mguu, vyote kwa siku moja.

Kwa sasa ninafanya yafuatayo. Baada ya Isha ninatandika mkeka na kukaa chini kwa dakika ishirini, na kila mkao unapoanza kunichosha ninaubadilisha. Nikingoja maji yachemke, ninasimama mbele ya ukuta, ncha ya mguu ikiwa mbali na ukuta kwa kiasi cha upana wa kiganja, kisha ninalipeleka goti mbele hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Mguu wa kushoto unagusa, wa kulia bado. Ninashika nguzo ya daka na kuchuchumaa kidogo kidogo, nikienda chini hadi pale ninapoweza kurudi bila kuvutwa. Nimeanza wiki tatu zilizopita. Ningependa kusikia kutoka kwa wengine, hasa wenye elimu ya jambo hili.

Kijana wa Shela

Shikamoo, mzee wangu. Nimeisoma mada kwa makini, na nina swali na pingamizi. Mimi ni mchezaji wa mpira, na kila siku kabla ya mchezo tunanyoosha misuli: tunaushika mguu nyuma, tunainama na kugusa vidole, na kuvishikilia kwa muda mrefu. Je, huo si ndio wepesi wa viungo unaouzungumzia? Kama ndio, mbona wenzangu wawili walio wanyumbufu kuliko sote ndio wanaoteguka vifundo kila msimu?

Pili, mama yangu hunikataza kuvunja vidole, yaani kuvivuta hadi vilie, akisema kwamba nitapata baridi yabisi. Nami nimeona baadhi ya watu wakivunja shingo na mgongo na kudai kwamba wanafungua viungo. Ukweli ni upi?

Tabibu wa Viungo

Waungwana, kazi yangu ni ya kutibu viungo kwa mazoezi, na nimefurahi kuikuta mada hii imeandikwa kwa utulivu. Kwa jumla Mkaazi wa Mkomani ameeleza sawa, nami nitaongeza pale penye haja.

Nianze na swali la kijana, kwa sababu limegusa kiini cha jambo. Kunyumbuka na kuwa mwepesi wa viungo ni ndugu, lakini si pacha. Ukilala chali na mwenzako akauinua mguu wako hadi juu, huo ni mnyumbuko wa kuazima. Wepesi ni ule mguu unaouinua wewe mwenyewe kwa nguvu za misuli yako, ukausimamisha huko juu, kisha ukaushusha polepole bila kuyumba. Mwenye mnyumbuko mkubwa asiye na nguvu za kuutawala ana mlango mpana usio na komeo, na inawezekana hao wenzako wawili ni wa namna hiyo. Watu waliozaliwa na viungo vilivyolegea hawahitaji kunyooshwa zaidi. Wanahitaji kutiwa nguvu na kufundishwa kusimama kwa mguu mmoja. Isitoshe, kuishikilia misuli katika mnyoosho wa muda mrefu kabla tu ya mchezo huipunguzia nguvu kwa kitambo. Ni bora mjipashe moto kwa mwendo: kukimbia taratibu, kuzungusha nyonga, kuruka na kutua kwa uangalifu. Programu ya FIFA 11+, iliyotungwa kwa ajili ya wachezaji wa kawaida, ina mazoezi 15 yanayochukua dakika kama 20, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba timu zinazoifuata mara kwa mara huumia kwa uchache.

Kuhusu kuvunja vidole, mama anastahili heshima yake, lakini katika hili hana ushahidi. Mlio ule hutokana na gesi iliyomo katika ute, pale kiungo kinapovutwa ghafla na mgandamizo wa ndani ukashuka. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alivunja vidole vya mkono mmoja tu kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha mkono wa pili, kisha akailinganisha mikono yake miwili, na hakuona tofauti ya ugonjwa wa viungo. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo huwachekesha watu kwanza na kuwafikirisha baadaye. Mkono wa mtu mmoja si ushahidi mkubwa, lakini tafiti nyingine pia hazikuona kwamba uvunjaji wa vidole huleta baridi yabisi. Shingo ni jambo jingine. Mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hupita humo, na kuivunja kwa nguvu, hasa kwa mkono wa kinyozi au wa mtu asiyefunzwa, ni hatari ambayo sitaki kuifanyia mzaha.

Kwa mwanzilishi wa uzi nina mambo mawili. La kwanza ni kuhusu goti. Mara nyingi goti huadhibiwa kwa makosa ya jirani zake. Lenyewe ni kama bawaba, kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua. Juu yake kuna nyonga inayozunguka kila upande, na chini yake kuna kifundo. Nyonga ikikaza na kifundo kikigoma, mzunguko ambao ungefanywa na hao wawili hulazimishwa upitie katika goti, nalo halikuumbwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana zoezi lako la ukutani lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Ongeza la nyonga: kaa mkekani, mguu mmoja ukiwa umekunjwa mbele yako na wa pili umekunjwa ubavuni, magoti yote mawili yakiwa na pembe ya mraba, kisha yageuze polepole kwenda upande wa pili, mikono ikiwa nyuma kukusaidia. Mara tano kila upande zinatosha.

La pili ni wakati. Usiku tunapolala, visahani vilivyo kati ya pingili za mgongo hunywa maji na kuvimba kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mgongo kuwa mgumu asubuhi. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka si wakati wa kuinama kwa nguvu hadi vidoleni. Zungusha mabega, zungusha nyonga, piga magoti na mikono chini ukiupandisha na kuushusha mgongo taratibu, tembea. Mikunjo mikubwa iache ije baadaye.

Kuhusu kuinuka kutoka chini, kuna kipimo ambacho mtu anaweza kujipima nyumbani akiwa na mtu wa karibu wa kumshika. Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazil na wenzake walichapisha mwaka 2012 matokeo ya watu 2,002 wenye umri wa kati ya miaka 51 na 80. Kila mmoja alitakiwa kukaa sakafuni kisha kuinuka, akitumia msaada mdogo iwezekanavyo. Alama kamili ni 10, tano za kukaa na tano za kuinuka. Kila unapoegemea mkono au goti unapoteza alama moja, na ukiyumba unapoteza nusu. Waliopata alama chache walifariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko waliopata alama nyingi. Tusiufahamu vibaya utafiti huo: mkeka haurefushi umri. Asiyeweza kuinuka huwa amepungukiwa na mambo mengi kwa pamoja, nguvu, uzito unaofaa, mizani na wepesi, na kipimo hiki huyafichua yote kwa mpigo.

Mwisho, yapo mambo yasiyo ya kuzungushwa wala kukandwa. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, hasa kukiwa na homa. Kidole gumba cha mguu kilichoanza kuuma usiku mmoja hata shuka haligusiki, ambayo huwa ni dalili ya jongo. Ugumu wa asubuhi unaopita saa nzima katika vidole vya mikono yote miwili. Ganzi inayoshuka mguuni pamoja na kushindwa kuzuia haja. Hayo yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo au mapema iwezekanavyo.

Mama Mpishi, Malindi

Nawasalimu wote. Nyinyi mmekazana na magoti, mimi kilio changu ni cha bega. Mwaka jana bega langu la kushoto lilianza kuuma bila mimi kuanguka wala kubeba kitu, na baada ya miezi michache lilikuwa halipandi. Nilishindwa kuanika nguo, nilishindwa kufunga mtandio kichwani, na kuvaa buibui likawa jambo la kuitiwa binti. Watu walinipa kila namna ya mafuta, ya nazi, ya simsim na mengine nisiyoyajua asili yake. Mimi pia nina kisukari. Tabibu, kuna uhusiano?

Nami niulize jambo la jikoni. Ninapika kwa ajili ya shughuli, na ninakuna nazi juu ya mbuzi. Wanangu wananishauri niiache kwa sababu ya mgongo na ninunue mashine. Niiache?

Tabibu wa Viungo

Mama yangu, uhusiano upo, tena ni wa karibu. Ugonjwa unaoueleza unafanana na wa bega kuganda, ambapo mfuko wa kiungo hunenepa na kujikaza. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kwa wingi zaidi kuliko wengine. Huwa na kipindi cha maumivu, kipindi cha kuganda, na kipindi cha kuachia, na vyote vinaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kubwa. Habari isiyopendeza ni kwamba hakuna mafuta yatakayoufungua mfuko huo, ingawa mkono wa mkandaji huliwaza. Katika kipindi cha maumivu makali usilivute kwa nguvu. Inama ukiuegemeza mkono usiouma mezani, mkono unaouma uachie uning'inie kama ndoo ya kisimani, uuyumbishe mbele na nyuma na kwa duara dogo. Maumivu yakipungua, simama mbele ya ukuta na utembeze vidole kwenda juu, ukitia alama ya kalamu pale ulipofika, ili wiki ijayo uone kama umepita. Sukari nayo idhibitiwe, na bega lipimwe, kwa kuwa yapo magonjwa mengine yanayofanana na hilo.

Kuhusu mbuzi, mimi sikushauri uiache kwa sababu ya ushauri wa watoto pekee. Kukaa chini namna ile huku nyonga zimefunguka na magoti yamekunjwa ni hazina ambayo wengi wa umri wako wameipoteza. Kinachochosha mgongo ni kukuna nazi ishirini kwa mkao mmoja bila kuinuka. Ukishakuna nazi tano, simama, tembea hadi mlangoni, urudi. Kwa shughuli kubwa, mashine si dhambi.

Kijana wa Shela

Nimeelewa, tabibu, na nimewaonyesha wenzangu. Mmoja aliyejivunia kugusa vidole vya miguu alishindwa kusimama kwa mguu mmoja macho yakiwa yamefumbwa hata kwa sekunde tano. Ametucheka sisi, kisha akajicheka mwenyewe.

Mkaazi wa Mkomani

Ninaurudia uzi huu baada ya Ramadhani, kwa kuwa niliahidi kimoyomoyo kwamba sitauacha njiani kama tunavyoziacha nyuzi nyingi.

Nilijipima kama alivyoelekeza tabibu, mwanangu akiwa amesimama kando. Siku ya kwanza nilipata alama nne na nusu, na hiyo nusu nadhani alinihurumia. Juzi nimepata saba. Usiku wa kwanza wa tarawehe nilikuwa na kiti nyuma yangu kwa tahadhari. Wiki ya kwanza nilikitumia katika rakaa za mwisho. Wiki ya pili nilikitumia siku mbili. Baada ya hapo kijana mmoja alikichukua kumpelekea babu yake, nami sikukidai. Maumivu hayakwisha. Yapo siku ambazo goti hunikumbusha, hasa nikishuka ngazi nikiwa na mzigo, na nimejifunza kutofautisha uchovu wa kiungo kilichofanya kazi na uchungu wa kiungo kinacholalamika. Nimepunguza pia kilo nne, si kwa ushujaa bali kwa kufunga na kuacha mahamri ya pili, na nilisoma kwamba kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne katika kila hatua.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni dogo. Wiki iliyopita nilikuwa nikienda Matondoni, ilikuwa bamvua na maji yamekupwa sana, mashua iko chini kabisa na ngazi za gati zimejaa utelezi. Zamani ningemngojea nahodha anipe mkono, na ningeshuka kinyumenyume kama mtoto. Safari hii nilikunja goti, kifundo kikanifuata, nikashuka kwa uso, nikakaa ubaoni kabla ya abiria wawili walio wadogo kwangu. Nahodha hakusema neno, na hivyo ndivyo nilivyotaka.

Tabibu, nina swali moja lililobaki. Tahiyatu ya mwisho sasa ninaikaa bila shida upande wa goti na nyonga, lakini vidole vya mguu wa kulia bado vinakataa kukunjika kuelekea kibla, hasa kidole gumba. Je, kuna zoezi lake?

Tabibu wa Viungo

Lipo. Piga magoti juu ya mto mwembamba, vidole vikiwa vimekunjwa chini yako, kisha rudisha makalio polepole kuelekea visigino hadi uhisi mvutano katika unyayo, usiupite, uhesabu hadi 20 na uachie. Fanya mara tatu kila siku, ukiwa na meza ya kushika mbele yako. Kidole gumba kikiwa kimevimba kwenye shina lake, au hakisogei hata ukikisukuma kwa mkono, usikilazimishe. Njoo kipimwe kwanza.